Apdeti za Windows: ipi uweke leo, ipi iache kwanza

Kuna watu wakiona apdeti wanabonyeza "baadaye" mpaka mwaka unaisha, na kuna wanaokubali kila kitu, wote wanajitafutia shida.

Za usalama weka tu. Microsoft huzitoa Jumanne ya pili ya kila mwezi, huku kwetu zinafika usiku. WannaCry, ile programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai hela, ilipovamia kompyuta Mei 2017, kinga yake ilishatoka tangu Machi, yani walioumia wengi ni wale hawajaiweka au wanatumia Windows za zamani. Una wasiwasi? Subiri siku mbili tatu, chukua ile namba ya apdeti inayoanza na KB, itafute Google uone watu wanalalamikia nini.

Zilizoandikwa Preview achana nazo, yaliyomo yatakuja tena mwezi unaofuata kwenye apdeti ya kawaida. Na draiva za hiari (programu zinazoendesha vifaa kama spika na printa), kama sauti inatoka na printa inachapa, unatafuta nini jamani?

Toleo jipya zima la Windows ndo la kwenda nalo polepole, maana Oktoba 2018 lile lililoitwa 1809 lilifuta mafaili ya baadhi ya watu mpaka Microsoft wakalisimamisha, kwa hiyo kopi vitu vyako kwenye diski ya nje kwanza, chomeka chaji (umeme wetu tunaujua), na ukiweza acha mwezi upite. Kwenye setingi unaweza kusimamisha apdeti hadi wiki 5.

Na "apdeti" inayokuja kwa popapu ya brauza au linki ya WhatsApp, hiyo sio apdeti, funga fasta.