Kutandika na kutunza rafu za kuzunguka kwenye kabati la kona

Vipimo hapa ni vya rafu mbili za duara, kipenyo sentimita 71, zilizoshikwa na mlingoti wa chuma katikati.

1. Toa vyombo, osha rafu, kausha.

2. Nunua mkeka wa plastiki laini usio na gundi, unene usiozidi milimita 2. Ule wa kubandika uache dukani. Kwa joto na unyevu wa Mombasa gundi hulegea, kingo hujikunja, na mende hupata maskani chini yake. Kama tayari upo, ubandue polepole, futa mabaki kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo (jiko liwe limezimwa, rafu ya plastiki ijaribu kwanza upande wa chini), kisha osha kwa sabuni.

3. Kukata ndiko kunakoharibu kazi. Duara zima halipiti mlingotini mpaka ulipasue kutoka ukingoni, na mpasuko huo hufumuka kila sufuria inapovutwa. Kata nusu mbili. Isitoshe, mikeka mingi huwa na upana wa sentimita 45 au 50, kwa hiyo duara la 71 halitoki hata ukilitaka. Kila nusu hula urefu wa sentimita 71. Nusu nne ni 284, basi nunua mita 3.

Mkeka ulale usiku mzima chini ya uzito kwanza, maana uliotoka kwenye roli hujikunja na kukudanganya vipimo. Kata pateni ya kadibodi, kama fundi cherehani. Pima kutoka katikati ya mlingoti hadi ndani ya ukingo ulioinuka, si nje, halafu punguza milimita 3. Mkeka ukizidi hupanda ukingo na kukwaruza ubavu wa kabati. Rafu ikawa nzito kuzunguka, beringi inayoizungusha ikalaumiwa bure. Tundu la katikati nalo: shingo ya rafu (bomba fupi linaloishika mlingotini) ikitokeza juu, pima shingo, usipime mlingoti, na skrubu yake ya kukazia iachwe wazi. Jaribu kadibodi, zungusha rafu mara mbili, ndipo ukate mkeka.

4. Rafu imeshuka? Weka alama ya utepe mlingotini kabla ya kulegeza skrubu ili uiinue.

5. Beringi ya chini: pangusa kutu, ambayo hewa ya chumvi huileta upesi, kisha tia grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha punje ya mahindi. Usitie mafuta ya kupikia. Hugeuka ulimbo na kuita sisimizi.

6. Madumu ya mafuta na unga viwe rafu ya chini, karibu na mlingoti, vikikabiliana ili uzito usielemee upande mmoja. Mbuzi ya kukunia nazi itafutie mahali pengine. Pakiti za bizari zikae ndani ya kikopo. Rafu ikikwama usiilazimishe. Irudishe nyuma, umulike tochi. Mara nyingi ni pakiti iliyoanguka.

Inua mikeka kila miezi 3, na kila mwezi wakati wa masika. Ioshe, uikaushe kivulini. Jua huikunja, na nusu mbili hazikutani tena.