Kabla hujamlipa dalali, ijue injini

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Buzuruga, sauti imejaa furaha. Kapata Toyota Premio, namba D, rangi haijaguswa, mwenye nalo kahamishwa kikazi na anataka hela kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamwuliza ina injini gani. Akanijibu, "Kaka, si nimekwambia ni Premio?"

Hapo ndipo wengi wetu hapa Mwanza tunapoumia. Tunauliza jina la gari na rangi yake, tunasahau kilichomo chini ya boneti. Premio zilizotoka kati ya 2001 na 2007 zina injini tatu tofauti: 1NZ-FE ya cc 1500, 1ZZ-FE ya cc 1800, na 1AZ-FSE ya cc 2000, hiyo ambayo mafundi wote wanaiita D4. Ya kwanza haina makuu, na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Ya pili, hasa za miaka ya mwanzo, ina ugonjwa wa kula oili: vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo, vinaziba kwa masizi, ringi zinakwama, na oili inaungua pamoja na petroli.

Ya tatu inataka moyo. D4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwa hiyo pampu na nozeli zake hazivumilii uchafu. Tena, kwa kuwa petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, hakuna cha kuzisafisha, na masizi yanajijenga humo. Sasa fikiria mtu mwenye safari za Sengerema vijijini, anayelazimika kununua mafuta ya dumu pembeni ya barabara. Injini hiyo itamliza. Noah nazo ni vilevile: ile ya zamani, SR40, ina 3S-FE ya kazi ngumu, iliyoifuata, AZR60, ina D4. Jina ni lilelile, matumizi ni mbingu na ardhi.

Kujua ni rahisi. Fungua boneti, tafuta kibati cha chuma chenye maandishi madogo. Kwenye Toyota nyingi za Japani za miaka hiyo, jina la injini limeandikwa hapo pamoja na cc zake. Kipige picha, mpelekee fundi wako. Fundi wako, siyo wa dalali.

Baada ya injini, uliza gia boksi. Nissan X-Trail ya kuanzia 2007 na Dualis nyingi zina CVT, yaani mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili badala ya gia za kawaida. CVT ina oili yake maalumu. Gereji ikikumiminia ATF, yaani oili ya gia otomatiki za kawaida, mkanda unaanza kuteleza, na ukishateleza umeshalika. Kama mwenye gari hajui ni oili gani iliwekwa mara ya mwisho, mimi ningeaga nikaondoka. Ukiamua kulijaribu, lipandishe kilima cha Bugando ukiwa na watu wanne ndani. Likivuma sana huku haliendi, au likitetemeka unapoondoka, umeshapata jibu.

Na ulikute gari limelala. Hili nalisema kwa uchungu. Gari langu la kwanza nililikuta linanguruma tayari, mwenye nalo kaniambia kalipasha ili nisisubiri. Nikamshukuru! Kesho yake alfajiri, lilipowashwa likiwa baridi, moshi wa bluu, ule wa oili inayoungua, ulijaa uani hadi jirani akatoka kuuliza nini kinaungua. Siku hizi nikifika naweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, narudi siku nyingine. Ikiwa baridi, nafungua kifuniko cha oili na kukigeuza: nikikuta ute mweupe kama maziwa mgando, najua huenda maji yameshaingia kwenye oili, na mara nyingi hapo gasketi ya silinda hedi imekwisha.

Inama pia uangalie chini. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, hayali bati kama bahari. Ukikuta kutu nzito kwenye chesisi, uliza gari limeishi wapi kabla ya kufika huku.

Bei ya spea iulize kabla ya kununua. Nyingi zinaagizwa Kariakoo na kuja kwa basi, zaidi ya kilomita 1,100, na gari linakusubiri juu ya mawe. Makaratasi hayana maneno mengi: jina kwenye kadi lilingane na la anayekuuzia, madeni ya trafiki yaangaliwe kwa namba ya gari, na hela ya mwisho itoke mkiwa mnabadilisha umiliki TRA.

Mdogo wangu kanitumia picha ya kibati jana usiku. Imeandikwa 1NZ-FE. Nimemwambia asitoe hata senti ya kishika uchumba. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakwenda wote kuliwasha, na mwenye nalo ameombwa asiliguse.