Cp na Cpk bila kuumiza kichwa: mfano wa mashine ya kupakia unga

Bosi akikuuliza "hii mashine inaweza kazi kweli?" usimpe wastani peke yake, mpe na Cp na Cpk, namba mbili zinazoonyesha kama mashine inaweza kukaa ndani ya vikomo vya uzito mlivyojiwekea. Wastani unadanganya, pakiti moja inatoka na gramu 1980 nyingine 2020, ukipiga wastani unapata 2000 safi kabisa na huko dukani wateja wanalia.

Tuchukue pakiti ya kilo mbili ya sembe, tuseme kiwanda kimejiwekea kikomo cha chini gramu 1985 na cha juu 2015.

Anza na mizani. Pakiti moja hiyohiyo ipime mara kumi, unaitoa unairudisha. Kama inacheza gramu tano basi simamisha zoezi, hapo unapima mizani sio mashine.

Sasa data: pakiti 5 zinazofuatana kila nusu saa mpaka ufikishe vikundi 25 hivi. Toa uzito wa karatasi (mimi nilishasahau hilo asubuhi nzima, nikaanza upya). Halafu opereta akikuona tu na mizani anakimbilia kurekebisha, mwambie asiguse kitu, na akigusa andika saa ngapi. Wastani wa kila kikundi uchore kwenye chati ya udhibiti (grafu ya kuangalia kama mashine imetulia), ile aliyoibuni mtakwimu Shewhart kule Marekani mwaka 1924. Ukiona zinaruka ovyo au zinashuka taratibu bila kurudi usipige hesabu bado, tafuta kinachosumbua kwanza, kwa mfano hopa (chombo cha juu kinacholisha mashine unga) inayoachwa iishe ndio ijazwe, maana Cpk ya mashine ambayo haijatulia haikwambii lolote kuhusu kesho.

Imetulia? Tafuta sigma, yaani uzito unatawanyika kiasi gani. Kila kikundi chukua pakiti nzito toa nyepesi, pata wastani wa hizo tofauti, gawa kwa 2.326 (hiyo ni ya vikundi vya 5, vya 4 ni 2.059). Tuseme tofauti zina wastani wa 9.3, sigma inakuja 4.

Cp ni upana wa vikomo gawa kwa sigma sita: 30 kwa 24, unapata 1.25. Sio mbaya eeh? Subiri. Cp haijali mashine imelenga wapi, na wastani wetu ni 2006 kwa sababu opereta kaongeza kidogo "kwa usalama". Cpk ndio inajali: 2015 toa 2006 ni 9, gawa kwa sigma tatu ambazo ni 12, unapata 0.75. Upande wa chini ni 21 kwa 12, 1.75. Unachukua ndogo, kwahiyo Cpk ni 0.75, na hapo kama pakiti 12 katika kila 1000 zinapita kikomo cha juu. Na zile gramu 6 za "usalama" kwenye pakiti 10,000 ni kilo 60 za unga mnagawa bure.

Viwanda vingi vinataka angalau 1.33. Hapa cha kwanza ni rahisi, rudisha wastani kwenye 2000, Cpk inapanda mpaka 1.25 bila kununua chochote. Kilichobaki ndio kigumu, kushusha sigma mpaka 3.75: hopa ikae na kiwango kilekile cha unga muda wote, skrubu inayosukuma unga kama imelika ibadilishwe. Ukishabadilisha, zile data za zamani tupa, kusanya vikundi 25 vingine.