SOMO: Kuutafuta mnyororo wa simpathetiki kwenye mgongo wa sato

Wakuu, swali la jinsi ya kuupata mnyororo wa simpathetiki (neva zinazoendesha mambo ya mwili yasiyoamriwa na hiari, kama mapigo ya moyo) limejaa inboksi yangu, kwa hiyo najibu mara moja. Tutenganishe maneno kwanza: uti wa mgongo ni mifupa, ugwe wa neva ndio unaopita ndani yake. Nyuzi za simpathetiki huanzia kwenye ugwe, hutoka kwa mizizi ya neva ya upande wa tumbo, kisha huingia kwenye minyororo miwili iliyo NJE ya mifupa, kushoto na kulia.

1. Nunua sato wa leo. Aliyegandishwa hafai.

2. Mpasue, toa matumbo na kibofu cha hewa.

3. Figo. Hapa niliharibu samaki watatu. Lile tabaka jekundu-jeusi lililoshikana na uti, ambalo jikoni tunalikwangua kwa kijiko, ndilo figo, na mnyororo umelala kati yake na mifupa. Ukikwangua, umeutupa. Mlaze samaki usiku kucha kwenye fomalini (dawa kali ya kuhifadhia maiti) ya asilimia 10 (glavu, madirisha wazi, watoto mbali), msuuze sana, halafu ondoa figo punje kwa punje kwa kibano, ukianzia pembeni. Kisu weka mbali.

4. Mulika tochi kwa ubavu, shika lenzi. Mshipa mkuu wa damu uko katikati. Kandokando yake kuna uzi mweupe mwembamba wenye vifundo.

5. Ufuate hadi mkiani.

MASWALI

Kambale: Nimeona uzi mnene mweupe ndani ya mfupa. Ndio wenyewe?

Mtoa mada: Huo ni ugwe. Nimeandika NJE, tena kwa herufi kubwa.

Kambale: Ungeweka picha basi.

Mtoa mada: Ungesoma basi.

Mama Zai: Kwa binadamu mnyororo unakomea shingoni. Kwa samaki je?

Mtoa mada: Dada, hapo umegusa penyewe. Kwa samaki wa mifupa unaendelea hadi kichwani. Mwaka 1911 Karl von Frisch, yule mwanasayansi aliyejulikana kwa utafiti wa nyuki, alichunguza samaki mdogo wa mito ya Ulaya, Phoxinus. Neva zinazopausha ngozi zilitoka kwenye ugwe karibu na pingili ya 15 ya uti wa mgongo tu, kisha ndani ya mnyororo nyingine zikaelekea kichwani, nyingine mkiani. Ukiukata mnyororo, eneo lililopoteza neva zake linakuwa jeusi.

Fundi Hadubini: Nyongeza: gamba bichi lenye ngozi, ndani ya maji ya chumvi kidogo, ukilidondoshea adrenalini (homoni inayoipausha ngozi kama zifanyavyo neva hizo) utaona rangi nyeusi ikijikusanya katikati ya seli.

Mtoa mada: Kweli kabisa, mradi samaki awe amekufa sasa hivi.

Kambale: Huyo sato baadaye analiwa?

Mtoa mada: Wa fomalini? Hata paka usimpe.