Namna ya Kukitafutia Jina Kichaka cha Ugenini Kilichokuja Kigoma kama Kijiti

Anayerudi Kigoma kutoka mapumzikoni Tanga au Unguja mara nyingi huwa na kijiti kilichoviringishwa katika gazeti lenye unyevu, alichopewa na mwenyeji wake baada ya kukisifia kichaka cha uani. Kijiti huchomekwa nyuma ya nyumba, mvua za Novemba hukishikisha mizizi, na mwaka unaofuata ua wa nyumba una kichaka ambacho hakuna jirani anayekijua. Wengi husubiri kichanue ndipo waulize jina. Mimi nashauri kuanza na jani, kwa sababu jani lipo leo, ilhali ua laweza kukawia misimu miwili.

Kwanza kabisa, andika yale unayoyakumbuka kabla hayajafutika: kijiti kilikatwa wapi, mmea mama ulikuwa na kimo gani, ulikuwa juani au kivulini, na mwenyeji aliuitaje. Jina la mtaani liandike, ila usilitegemee, kwani jina moja huweza kubeba mimea mitatu isiyo na udugu wowote. Ikiwa kijiti kinatoka nje ya nchi, hata Bujumbura tu, kinahitaji kibali na ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa kuwa wadudu na magonjwa husafiri pamoja nacho.

Kwa kazi ya jani, chagua tawi lililokomaa na linalopigwa jua. Majani ya chipukizi changa au ya kivulini aghalabu huwa mapana na laini kuliko kawaida ya mmea, na hayo ndiyo yaliyonipotosha mimi kwa miezi kadhaa. Tazama kifundo, yaani mahali jani linapoota kwenye tawi, uone kama majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, yanapishana moja baada ya jingine, au yanazunguka tawi matatu au zaidi kwa pamoja. Hatua hii ndogo hupunguza orodha ya mimea inayowezekana kuliko rangi yoyote ya ua.

Majani yakitazamana na kingo zake zikiwa hazina meno, chunguza nafasi iliyo kati ya vikonyo viwili. Ukiona hapo kijiganda kidogo chenye ncha, ambacho wataalamu hukiita stipuli, basi karibu hakika umeingia katika familia ya kahawa, Rubiaceae. Mwenye ndugu Kalinzi na afike shambani aangalie mbuni, maana alama hiyo ameiona maisha yake yote bila kuitilia maanani. Humo wamo Ixora, Gardenia na Mussaenda, vichaka vipendwavyo sana katika bustani za nchi za joto. Usipokiona kijiganda hicho, viringisha shina changa kati ya vidole: likiwa na pembe nne na jani likitoa harufu kali ukilisugua, fikiria familia ya mnanaa au ile ya Lantana. Na jani lenye mishipa mitatu hadi mitano inayotoka karibu na kikonyo na kwenda sambamba mpaka nchani huelekeza kwenye familia ya Melastomataceae.

Kisha vunja kikonyo uone utomvu. Maziwa meupe huashiria hasa familia tatu: ya minyaa, ya mitini, na Apocynaceae. Majani yanayotazamana au kuzunguka tawi pamoja na maziwa huelekea Apocynaceae, kama Allamanda yenye tarumbeta za manjano. Kanuni hii ina mwanya wa hatari, kwani Cascabela thevetia ni ya familia hiyo hiyo ingawa majani yake membamba hupishana, na mbegu zake zinaua. Nerium oleander, yenye majani magumu yanayokaa matatu matatu, nayo ni sumu ya moyo kuanzia jani hadi mzizi. Kwa hiyo mmea usio na jina hauonjwi, mikono huoshwa baada ya kuukata, na mbuzi hufungwa mbali nao.

Ua likifika, hesabu petali, yaani vijani vya rangi vya ua, angalia kama zimeachana au zimeungana kuwa mrija, kisha tafuta stameni, yaani vijiti vya kiume vinavyobeba chavua. Jihadhari na rangi, kwani kinachong'aa si lazima kiwe petali. Kijiti changu cha Tanga kilipopambika kwa waridi, majirani wote walisema ni bogenvilia. Lakini bogenvilia ina miiba na majani yanayopishana, na changu kilikuwa na majani yanayotazamana na kile kijiganda katikati. Nilipoinama karibu niliona nyota ndogo ya manjano yenye ncha tano, na "majani" yale ya waridi yalikuwa sepali, yaani vijani vinavyolifunika ua likiwa bado tumba, zilizokua kupita kiasi. Ilikuwa Mussaenda. Zile za waridi kwa kawaida ni machotara ya bustanini, hivyo niliishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye udugu wa karibu, bila kulazimisha spishi.

Programu za simu kama Pl@ntNet husaidia, mradi uzipe picha ya jani pande zote mbili, ya kifundo na ya ua, na usikubali jina la kwanza kabla ya kulipima kwa alama ulizoziona mwenyewe. Ukikwama, kausha tawi la urefu wa sentimita 30 hivi, lenye majani na maua, kati ya magazeti yaliyokandamizwa kwa mzigo, ukibadilisha magazeti kila siku, maana wakati wa masika tawi huota ukungu upesi. Liambatanishe na karatasi yenye tarehe, mahali, kimo, rangi na harufu, kwa sababu rangi hufifia na harufu hupotea. Sampuli kama hiyo inaweza kulinganishwa na zile za hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, iliyoko Arusha.

Mpaka jina lipatikane, usigawe vijiti wala kutupa matawi korongoni. Clidemia hirta, kichaka cha Amerika ya kitropiki, ilipelekwa Amani katika Usambara ikaenea msituni, na makorongo yetu huteremkia ziwani, mengine yakiwa si mbali na Gombe. Matawi uliyoyapogoa yakaushe juani kabisa, mbali na mbuzi, lakini usiyachome, maana moshi wa mimea kama Nerium oleander nao ni sumu.