Kipima Unyevu Kisichogusa Udongo Kitakuozeshea Mizizi

Ndugu wakulima, msimu huu nimefukua vipima unyevu vingi kuliko nilivyofukia. Kila nilikoitwa niliambiwa chombo ni kibovu, na karibu kila mara nilikuta chombo kizima ndani ya shimo bovu. Shamba moja la nyanya bado linaniuma. Simu ya mwenye shamba ilikuwa inaonyesha ukavu kwa siku ya tisa mfululizo, pampu inajiwasha yenyewe kila alfajiri, na majani ya chini yameanza kugeuka manjano. Akadhani mimea ina kiu, akaongeza muda wa maji. Nilipoingiza mkono kwenye tuta nilitoa tope. Kipima kilikuwa kimesimamishwa kwenye tundu la mtaimbo, pana mara mbili ya chombo chenyewe, na kidole changu kilipita pembeni mwake bila kugusa kitu. Kilikuwa kinapima hewa.

Kuandaa matuta, kupanda na kutandaza mirija ya matone mnajua, wengine kunizidi. Leo nazungumzia shimo tu.

Vipima vingi vinavyotuma taarifa kwenye simu havioni maji moja kwa moja. Vinapitisha umeme unaogeukageuka mamilioni ya mara kwa sekunde katikati ya miguu yake, kisha vinapima uwezo wa udongo kuuhifadhi umeme huo. Uwezo huo una namba: maji ni karibu 80, chembe kavu za udongo ni kati ya 3 na 5, hewa ni 1. Mwaka 1980 watafiti Topp, Davis na Annan walichapisha mlinganyo wa kugeuza namba hiyo kuwa kiasi cha maji kilichomo udongoni, na bado unatumika. Sasa tazama pengo lilivyo kubwa kati ya 80 na 1, kisha kumbuka kwamba chombo kinasikia sentimita chache tu kukizunguka, na kinasikia zaidi pale kinapogusa. Uwazi wa milimita moja kando ya mguu wake unatosha kushusha namba, hata kama udongo wa jirani umelowa chapachapa.

Shimo hilohilo linaweza kukudanganya kwa upande wa pili. Ukilijaza udongo uliolegea bila kuushindilia, maji ya umwagiliaji yanakimbilia humo kama kwenye mfereji na kukilowesha kipima kabla hayajafika kwenye mizizi. Simu itasema shamba limeshiba, pampu itazimika, na mimea itanyauka.

Zamani mtu akikosea kumwagilia, alikosea siku ile, kesho yake akaona kwa macho. Pampu inayojiwasha hurudia kosa lilelile kila siku wakati umelala. Maji ya ziada yanasukuma naitrojeni uliyoinunua chini ya mizizi, hewa inatoka udongoni, na vimelea vya kuozesha mizizi kama Pythium na Phytophthora vinapata makao. Hasara hiyo inazidi bei ya kipima.

Kwa kipima chenye miguu au chenye umbo la upanga, usikitie kutoka juu ndani ya tundu. Chimba shimo la pembeni, chonga ukuta wake uwe wima, kisha chomeka miguu kwa kulala ndani ya ukuta ambao jembe halijaugusa. Sukuma moja kwa moja. Usikitikise kulia na kushoto ili kiingie! Kila ukikitikisa unapanua tundu, na nimeshawaona watu wazima wakikitikisa kama wanang'oa msumari. Kikikutana na jiwe, kitoe na uhamie sentimita 20 pembeni, usirudie tundu lile. Chenye umbo la upanga kilazwe kwa ubavu mwembamba, makali juu, ili maji yasituame mgongoni mwake. Waya ushuke kidogo chini ya usawa wa kipima kabla ya kupanda juu, la sivyo maji yatateleza juu ya waya hadi kwenye chombo. Rudisha udongo kwa mpangilio uliotoka, wa chini chini na wa juu juu, tabaka la sentimita 10 kwa wakati, na shindilia kila tabaka kwa mkono.

Kipima cha mviringo kinataka tundu la keekee lenye upana wake hasa. Chukua udongo uliotoka kwenye kina kilekile, uchekeche utoe mawe na mizizi, ukoroge na maji hadi uwe kama uji mzito. Mimina kiasi, shusha kipima taratibu, uache uji upande pembeni na kufukuza hewa. Usitumie mchanga wala mfinyanzi ulioletwa kutoka kwingine, maana utakuwa unapima udongo usio wa shamba lako.

Vile vidogo vinavyopima nguvu ambayo mzizi unaitumia kuvuta maji, vyenye jasi na chembechembe ndani, vina adabu yao ambayo karibu kila mtu anairuka. Viloweke dakika 30 asubuhi, viache vikauke hadi jioni, viloweke tena dakika 30, vikauke usiku kucha. Asubuhi ya pili rudia dakika 30, vikauke hadi jioni, kisha vilale ndani ya maji usiku mzima na vifukiwe vikiwa vimelowa. Hizo ni siku mbili. Ukivitoa kwenye boksi na kuvifukia vikavu, wiki za mwanzo vitakupa namba zisizo na maana, nawe utanilaumu mimi.

Wakati wa kufukia ni siku moja au mbili baada ya maji au mvua, mimea ikiwa michanga, ili mizizi ikue kukizunguka chombo. Udongo mkavu hauingiliki vizuri, na mfinyanzi mkavu tayari una nyufa ambazo kwa kipima ni hewa tupu. Wenye udongo mweusi unaopasuka, rudini kukagua kila unapokauka.

Kwa mboga, weka viwili mahali pamoja: kimoja kwenye kina cha sentimita 15 hadi 20, kingine 40 hadi 45. Cha juu kinakuambia lini uanze kumwagilia, cha chini kinakuambia kama umepitiliza. Vikae kwenye mstari wa mimea, sentimita 10 hadi 15 kutoka tundu la matone, si chini yake kabisa wala njiani mnapokanyaga. Kuna anayeniuliza kwa nini asitegemee picha za setilaiti tu. Setilaiti ya SMAP ya Marekani, iliyorushwa Januari 2015, inapima kama sentimita 5 za juu, na kwa eneo kubwa kuliko shamba lako mara nyingi. Mzizi wa nyanya hauishii hapo.

Ukishafukia, mwagilia vya kutosha, na usiiachie pampu ijiendeshe. Subiri angalau mizunguko miwili au mitatu ya maji udongo utulie. Kisha jaribu: lowesha vizuri, ngoja saa 24 kama ni kichanga au 48 kama ni mfinyanzi, usome namba. Kipima cha nguvu ya kuvuta kinapaswa kuwa takriban kilopaskali 10 hadi 30 (kilopaskali ndicho kipimo cha nguvu hiyo). Kikisema 70 huku udongo uliouchimba hatua moja pembeni unafinyangika na kulowesha kiganja, kuna uwazi. Kifukue ukifukie upya. Kukanyaga juu au kumimina ndoo ya maji kwenye shimo hakutengenezi kitu.

Angalieni pia mnasoma namba gani, maana wawili wamegeuza shamba kuwa bwawa kwa hili. Asilimia ikipanda, udongo umelowa. Kilopaskali zikipanda, udongo umekauka. Kwa mboga anzia kumwagilia kwenye kilopaskali 20 hadi 25 kwa kichanga, 30 hadi 50 kwa tifutifu, halafu rekebisha kwa kuangalia mmea. Na hata baada ya kipima kufaulu jaribio, iwekee pampu kikomo cha dakika kwa siku, ili waya ukikatwa na panya isiendelee kumwaga.

Kikikaa sawa utaona mstari wa asilimia unapanda ghafla ukimwagilia, unashuka mchana na kutulia usiku.

Mwisho wa msimu usivute waya. Chimba hadi ukione, kiachilie taratibu, kioshe kwa maji na kitambaa bila kukikwangua. Waya uliovutwa unakatika ndani ya ganda usikoweza kuona, na mwakani utafukia chombo kilichokufa.