Programu ya kubana mafaili nyumbani: uweke ipi, uache ipi

Hili swali haliishi, mtu ana laptopu yake nyumbani, katumiwa faili lina .rar au .7z mwishoni, yaani lililobanwa lichukue nafasi ndogo, analibofya halifunguki, anaanza kuulizia programu. Mwenye haraka achukue jibu aende zake: kama kompyuta yako ni ya Windows weka 7-Zip, na ukibana kitu cha kumtumia mtu mwingine kibane kwa ZIP. Mwenye muda asome, maana hapa watu wanaumia bure.

Wengi wanachagua kwa kuuliza ipi inabana zaidi. Mi naona uanze na kujiuliza nani atalifungua hilo faili na atatumia nini. ZIP ipo toka 1989, ilitoka kwa Mmarekani Phil Katz, na leo Windows inaifungua, Mac inaifungua, Linux, simu nyingi za Android na iPhone, bila kuongeza kitu. 7z, aina ya faili ya 7-Zip yenyewe, mara nyingi inabana vizuri kuliko ZIP, kweli, lakini mama yako mwenye simu tu ukimtumia 7z utamsumbua, atakupigia kila saa halafu mwisho utamtumia upya na bando limeshaenda mara mbili. Kwa hiyo 7z iwe ya vitu vyako mwenyewe, bakapu na makabrasha ya zamani, ZIP iwe ya kutuma.

Kabla hujashusha chochote angalia kwanza kompyuta ina nini. Windows 10 inatengeneza na kufungua ZIP tu. Windows 11 toka mwishoni mwa 2023 inafungua na RAR na 7z, na toleo la 24H2 linatengeneza hadi 7z. Kama kazi yako ni kufungua tu viambatanisho vya barua pepe na una Windows 11 iliyoapdetiwa, huenda huhitaji programu yoyote kabisa. Utakapokwama ni kwenye pasiwedi na kugawa faili kubwa, hapo ndo 7-Zip inaingia.

Na usitegemee maajabu kwenye picha na video. JPEG, MP4, MP3 zimeshabanwa toka zinatengenezwa, kuzibana tena ni kukamua machicha ambayo tui lilishatoka, utasubiri nusu saa upate faili lile lile. Hata docx na xlsx kwa ndani ni ZIP tayari. Vinavyopungua sana ni maandishi matupu, CSV, databesi, picha za BMP. Ukibana folda la picha za harusi fanya kwa sababu unataka ziwe faili moja la kutuma, sio kwa kupunguza ukubwa, na uchague kiwango cha chini kabisa cha kubana ili liishe haraka.

Sasa WinRAR, ndo inayotengeneza mafaili ya RAR. Programu nzuri, ya Eugene Roshal, ipo toka miaka ya 90, na ina kitu kimoja nakiheshimu sana, inaweza kuongeza data ya ukarabati ndani ya faili ili likiharibika kidogo lirekebishike. Lakini ni ya kulipia, unapewa siku 40 za majaribio, zikiisha inaendelea kufanya kazi huku inakukumbusha ununue. Ukiitaka inunue. Ninachowaomba kwa moyo wote ni kwamba muache hii tabia ya kuweka WinRAR iliyokrakiwa mnayowekewa kwa flashi na fundi au mnayoishusha kwenye saiti za ajabu! Unahatarisha kompyuta nzima, M-Pesa ya biashara, barua pepe, picha za watoto, kwa ajili ya kazi ambayo 7-Zip inaifanya bure kihalali. Na hata WinRAR halali ikiwa ya zamani ni hatari, mwaka 2023 na tena 2025 wadukuzi walitumia matundu yake kuingiza virusi kupitia faili lililotengenezwa kwa hila, lile la 2025 likazibwa kwenye toleo la 7.13. Haijiapdeti yenyewe.

7-Zip nayo haijiapdeti, hili nalisisitiza kwa sababu watu wanaiweka mara moja wanaisahau miaka. Toleo la 24.09 la Novemba 2024 liliziba tundu baya, na matoleo ya 2025 yakaziba mengine, kwa hiyo kama yako sio toleo la karibuni ishushe upya leo. Ni ndogo, haifiki hata MB 2, bando halitalia. Ishushe kwenye 7-zip.org, yenye kistari katikati, ndo saiti ya Igor Pavlov mwenyewe aliyeitengeneza toka 1999. Haina matangazo, haikudai akaunti, ikikudai pesa jua umeingia kwingine. Inafungua RAR ila haitengenezi RAR, na wala hutoikosa.

Kuitumia, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia 7-Zip halafu "Add to archive" (kwenye Windows 11 inaweza kujificha chini ya "Show more options"). Chagua zip au 7z, ukitaka pasiwedi andika hapo hapo, na kama ni ZIP, kwenye njia ya kufunga kwa siri ("Encryption method") badilisha ZipCrypto iwe AES-256 kwa sababu ZipCrypto ni dhaifu, ila ukishabadilisha hakikisha mwenzio naye ana 7-Zip au inayofanana nayo. Kwenye ZIP majina ya mafaili yanaonekana hata ukiweka pasiwedi, kama nayo ni siri tumia 7z na uweke tiki kwenye "Encrypt file names". Pasiwedi yenyewe itume kwa njia nyingine, sio kwenye barua pepe ile ile. Na ukiisahau ndo basi, hakuna wa kukufungulia.

Flashi ikikataa faili linalozidi GB 4 sio kwamba imejaa, ni FAT32, mpangilio wa flashi usiopokea faili kubwa kuliko hapo. Kwenye dirisha lile lile la "Add to archive", sehemu ya "Split to volumes", andika 3900M, utapata vipande .001, .002, kuvifungua viweke vyote folda moja ubofye cha kwanza.

Wa Mac weka Keka au The Unarchiver. Linux nyingi tayari zinakuja na programu ya kubana na kufungua mafaili. Anayetaka muonekano mzuri kuliko wa 7-Zip ajaribu PeaZip, nayo ni bure.

Na kabla hujafuta mafaili halisi kupata nafasi, bofya faili ulilobana kwa kitufe cha kulia, 7-Zip, "Test archive", usubiri iseme hakuna kosa. Ndo ufute.